Besi ya Mjomba na Besi Yangu

Tumbo lake lilikuwa pana kama la baba mwenye nyumba, shingo ndefu kama ya jirani mpenda kuchungulia. Nililitoa kwenye mfuko wake polepole mbele ya kundi zima, ili kila jicho lipate fungu lake: gitaa la besi la mbao, jipya, nyuzi nne nene, lisilotaka umeme wala spika. Nyumbani, nikiwa peke yangu kitandani, lilikuwa limenguruma hadi glasi za kabatini zikaitikia. Nikajiambia, basi, mjomba amepata mrithi.

Mjomba, kaka yake mama, ni seremala. Alilipigia kundi letu la muziki wa harusi besi kama hiyo kwa miaka kumi na mmoja, akaacha. Kilichomwachisha ni ulimi wangu. Alikuwa na desturi ya kuketi kwenye kona ya chumba, kuta mbili zikimkumbatia mgongoni, nami nikambandika jina: Mwadhibiwa, kama mtoto aliyewekwa konani darasani. Kila mazoezi niliuliza kama mwalimu keshamsamehe. Wenzangu walicheka, na mimi nikichekewa huwa sina breki. Jina likatembea kwa miguu yake, hadi siku bibi harusi mmoja alipomwita hivyo mbele ya wakwe. Mjomba alitabasamu, akalifunga gitaa lake, hakurudi tena. Mama aliponikanya, nilimwambia wazee huumia upesi.

Sasa zamu ilikuwa yangu. Nikaketi katikati ya chumba, gitaa lionekane. Tukaanza. Nilivuta nyuzi hadi vidole vikawaka moto, lakini ngoma na magitaa mengine yalinimeza mzimamzima. Kiongozi wetu, kinyozi mwenye maneno ya kupima, akasimamisha wimbo.

"Ndugu yangu," aliuliza, "unalipiga au unalipapasa?"

Wakaangua kicheko. Nilicheka kuwashinda wote, masikio yakinichoma. Kinyozi akanikumbusha kwamba bila besi waimbaji hupotea njia. Nisiposikika harusini Jumamosi, angeazima mpigaji kwingine, nami nirudi kupiga makofi. Nilimwapia kwamba nimeuziwa gitaa bovu.

Kesho yake nikalipeleka karakanani kwa mjomba, eti alikague. Alifuta mikono mara mbili kwenye shati kabla ya kulipokea. Akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akategea sikio, kama daktari na mtoto wa watu.

"Ni zima kabisa, mjomba," alisema, maana mimi na yeye twaitana hivyo. "Tena mbao yake nzuri."

Akavuta kigoda hadi kwenye kona, akaketi, mgongo kwa kuta, akavuta uzi mmoja tu. Mbao zilizoegemezwa pale zikavuma. Sauti ilinijia kwa chini, ikapandia miguuni.

"Besi ya mbao ni mpole," alieleza. "Katikati ya chumba haina wa kuisemea. Kwenye kona, kuta mbili zinaibeba."

Miaka kumi na mmoja. Nilimuuliza, macho yangu yakiwa sakafuni, kwa nini hakutuambia.

"Mlikuwa mnafurahi," akajibu.

Hakulisema kwa uchungu. Angelisema kwa uchungu ningepata pa kushika. Nikafungua kinywa nimwombe radhi. Nikajisikia mwenyewe nikisema, "Kumbe mwalimu alikupa kiti kizuri."

Mjomba alicheka kidogo, kicheko cha mwenyeji anayemsitiri mgeni aliyemwaga chai. Akanirudishia gitaa, akasema Jumamosi nisichelewe, niwahi kona kabla haijawekwa viti vya wageni. Kisha akashika randa, akaendelea kulainisha mlango wa watu.

Sikuondoka. Nilisimama nimelikumbatia gitaa kifuani, na kila randa ilipopita juu ya mbao, nyuzi zilitetemeka zenyewe, bila kidole kuzigusa. Nikazifunika kwa kiganja, nikangoja randa ipumzike.