Kuku Aliyebaki Shauri Moyo

Wiki moja kabla mke wangu Muhonja hajasafiri kwenda Ujerumani, niligeuza sebule yetu ya Shauri Moyo kuwa uwanja wa ndege. Meza ilikuwa kaunta, nami nilikuwa afisa wa forodha. Sijawahi kupanda ndege, lakini mtu aliyesoma shule ya jioni baada ya kazi ya halmashauri hangoji jambo limfikie ndipo alisome. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu safari hiyo.

Binti yetu Elsie alikuwa amejifungua huko mjukuu wetu wa kwanza. Muhonja alikuwa anaenda kumbeba.

"Dawa zako za presha ziko wapi?" nilimuuliza.

"Kwa sanduku, chini ya viatu."

"Mama Elsie! Sanduku likipotea utameza nini? Dawa hukaa kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti yake, na karatasi ya daktari kando."

Jirani yetu Patrobas, fundi wa masanduku ya bati, alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai. "Mwalimu," akasema, kwa jina alilonibandika kwa kusomasoma kwangu, "wewe hata Mombasa ulienda kwa treni. Mambo ya ndege umeyajulia wapi?"

"Na wewe bei ya sukari umeijulia wapi, na chai unakunywa kwangu kila siku?"

Muhonja alicheka. Nikaendelea kupekua. Nilipoinua blanketi la mtoto nikahisi kitu kigumu, na harufu ya moshi wa kuni ikajaa chumba.

"Hiki ni nini?"

"Ni blanketi."

"Blanketi lina mdomo?"

Patrobas alimwaga chai. Ndani ya blanketi, amefungwa kwa majani ya mgomba, alikuwa kuku mzima aliyekaushwa kwa moshi, kichwa na miguu vikiwapo. Dadake Muhonja alikuwa amemtuma kutoka Vihiga.

Kwetu, mama haendi kumwona binti aliyejifungua bila kuku. Tena awe mzima, na firigisi yake apewe mwenye nyumba. Hilo nalijua na ninaliheshimu. Lakini nilijua pia kwamba nyama ya kutoka huku hairuhusiwi kuingia kule. Afisa akiuliza, naye akasema hana, kisha kuku atolewe kwenye blanketi, mke wangu atawekwa kando kama mwongo mbele ya watu ambao hata lugha yao haijui. Nilimweleza hivyo.

Akakaa juu ya sanduku. "Basi siendi, Baba Elsie. Nifike mikono mitupu, mkwe wangu aseme nimetoka nyumba gani? Mtoto wa kwanza!"

Kesho yake aliniwekea chai mezani akarudi jikoni. Sanduku lilibaki wazi, na kuku akaning'inia jikoni. Nilikuwa na sheria zote upande wangu, na bado nilikuwa namkosesha mjukuu nyanya yake. Basi nikampigia simu mkwe wetu Wandera.

"Huko mnapata kuku mzima?"

"Baba, hapa kuku huuzwa bila vichwa. Hata huwezi kujua ulikula nani."

"Tafuta. Nenda hata kwa wakulima."

Jumamosi akatuma picha kutoka soko la wakulima. Alikuwa ameshika kuku kwa miguu, kichwa kikining'inia. Nilimpelekea Muhonja simu jikoni. Akavaa miwani.

"Hiyo miguu ni yake?"

"Ni yake."

"Mbona ni mnene hivi?"

"Huko hakuna kukimbizwa na watoto."

Akatazama tena. "Mwambie asimpike. Namtaka hapo nikifika, nitampika mimi. Nitamkausha kwanza kidogo kwa moshi."

"Hapana. Darini kuna kengele inayosikia moshi. Ikilia, wazima moto wanakuja."

"Kwa sababu ya kuku?"

"Kwa sababu ya kuku. Na majirani wa chini hupenda kimya usiku, kwa hivyo hata vigelegele upige mchana."

Alitikisa kichwa, akawahurumia watu wale, kisha akaanza kukunja blanketi upya. Mahali pa kuku aliweka unga wa wimbi wa uji, ambao Wandera alikuwa ameuulizia na kuambiwa unaruhusiwa. Dawa aliziweka kwenye mkoba wa mkononi bila kuambiwa. Nikamkumbusha anywe maji ndegeni na ainuke kutembea mara kwa mara, miguu isivimbe.

"Nitatembea mpaka rubani aniulize naenda wapi," akasema.

Jioni aliyofika, Patrobas nami tulikuwa mezani. Kuku wa Vihiga alikuwa amechemshwa polepole na mchuzi wake ulikuwa mzito. Simu ikalia, na sura ya Muhonja ikajaa kioo, mtoto akiwa kifuani.

"Afisa aliniuliza kwa Kiingereza kama nina nyama," akasema. "Nilimwangalia machoni nikamwambia sina. Akaniambia karibu. Baba Elsie, niliingia kama mtu wa heshima!"

"Na kuku?"

"Yuko jikoni, mzima. Firigisi ni ya Wandera." Akasogea karibu na simu. "Mbona mdomo wako umejaa? Unakula nini?"

Nilikuwa natafuna firigisi, na kwetu hiyo haitemwi. Patrobas akajibu kwa niaba yangu: "Blanketi, mama. Anakula blanketi."