Milima Ilipohamia Kulia

Mwaka wa 1951 mimi na Nashon tuliamua kwenda Jinja, Uganda, ambako mto Naili ulikuwa ukizibwa kwa saruji. Ami yake alikuwa nyapara huko, na aliahidi kumwandikisha mtu mmoja tu, yule ambaye Nashon angemfikisha mwenyewe siku ya Jumatatu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nyumbani Mghange, juu ya milima ya Wataita, nyanya yangu Wakio alinitaka nisubiri asubuhi anitasie, yaani anibariki kwa maji. Kwetu mtu hafungi safari mzee akiwa na kinyongo naye. Mzee hupiga funda la maji, akayapuliza nje pamoja na hasira yake, kisha akatamka heri. Naye kinyongo alikuwa nacho, maana habari za safari yangu alizisikia kisimani, si kwangu. Nilimwambia mimi nimebatizwa, nimesoma, na maji ya mdomoni hayasukumi gari moshi. Nikatoka bila kuaga.

Nililala Maungu kwa kina Nashon, ambako baba yake alikuwa kibarua wa reli. Asubuhi gari lilipofika kutoka Mombasa, nafasi ilikuwa katika mabehewa ya nyuma tu. Tukapanda. Nashon akasema tukifika Voi tutahamia mbele. Alisema kama mtu aliyezaliwa juu ya mataruma ya reli, na sauti ile ilinichoma.

Pale Voi alisimama, akachukua kasha lake.

"Mtaita, inuka twende mbele."

Nilikuwa nimeketi vizuri dirishani, nikitunga ubeti wa kuaga kwetu: *Milima kaeni mbali, sigeuki kutazama.* Nilidhani anatafuta kiti kizuri zaidi, na kwamba ananiamrisha.

"Sikutoka kwetu nije kuamrishwa na mtoto wa kibarua," nikamwambia.

Nashon alinitazama kidogo, akashuka.

Behewa likasukumwa nyuma, likavutwa mbele, likasukumwa tena. Kisha tukaondoka. Nilijua kwamba mtu anayekwenda Nairobi huiacha milima yetu mkono wa kushoto. Sasa ilikuwa kulia, tena badala ya kupungua ilikuwa inakua. Nikadhani tumegeuzwa, tunarudi Mombasa. Lakini jua lilikuwa mgongoni, na Mombasa iko lilikotoka jua. Nikahamia dirisha la pili. Milima haikuhama. Kichwa kikaniuma.

Mbele yangu aliketi mama mmoja mwenye kikapu cha ng'onda, samaki wakavu. Nikamwuliza, kwa sauti ya chini, Nairobi tutafika saa ngapi.

"Nairobi?" Akacheka mpaka akashika kikapu. "Mwanangu, hili ni la Taveta. Mabehewa ya Nairobi, yale ya mbele, yamekatwa Voi, yameondoka na wenzako."

Nikaketi. Ndipo nyanya aliponijia akilini, na mimi, msomi wa Mghange, nikaamini. Nilimweleza yule mama kila kitu, nikamwomba anitasie yeye, chupa ya maji nilikuwa nayo. Akaacha kucheka.

"Mimi hukuniudhi. Nitatema nini, nami sina hasira?"

Nilishuka Mwatate nikapanda mlima kwa miguu. Jua lilikuwa linazama nilipomkuta nyanya akichambua maharagwe mlangoni. Nilipiga magoti. Nikamwambia gari limenirudisha kwa sababu ya kinyongo chake, nimekubali, anitasie.

Hakuacha maharagwe.

"Nilikutasia jana," akasema. "Mgongo wako ulipopotea tu kwenye ile kona. Ningekaaje na hasira usiku kucha, na kifua changu hiki kibovu?"

"Basi ni nani aliyenirudisha?"

"Sijui, mjukuu wangu. Mimi sijapanda gari moshi."

Nilitamani anilaumu. Angenilaumu ningejua pa kusimama. Nilikuwa nimebarikiwa tangu jana, na baraka ile ilipanda nami behewa la Taveta ikaniangalia nikimtukana rafiki yangu. Au haikupanda. Mpaka leo sijui.

Asubuhi niliteremka kwenda Voi. Nilijua nitamfuata Nashon mpaka Jinja, na kwamba Jumatatu ingefika kabla yangu. Kazi huenda ingekuwa imekwisha kupewa mwingine. Njia nzima nilitafuta maneno ya kumwambia. Mimi ambaye vina havijanishinda tangu utotoni, nilifika stesheni bila hata neno moja. Nikamwuliza karani, mara mbili, ni behewa lipi.

Nikapanda.