Chiriku Nyuma ya Miraba

Jioni ile chumba kilikuwa cha bluu, kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya maji. Mama aliketi karibu kabisa na kompyuta, akitazama miraba midogo ya rangi ikicheza na kuyeyuka kwenye kioo.

"Inapendeza," alisema. "Kama shanga zinazomwagika."

"Hiyo siyo picha, Mama. Picha bado imefungwa."

Aliyejibu ni binti yake mkubwa, fundi cherehani, aliyekuwa amepiga magoti kando ya meza. Runinga yao ilikufa zamani, ndiyo maana akatafuta kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye mdomo wa kumeza kadi, kazi yake kufungua chaneli za kulipia. Jioni hiyo kwaya ya mdogo wake, kitinda mimba waliyemwita Chiriku, ingeonyeshwa moja kwa moja kutoka ng'ambo. Daktari wa macho alikwisha kusema kwamba ukungu wa machoni mwa Mama utazidi, na hauna dawa. Mama aliomba jambo moja tu: auone uso wa Chiriku kabla pazia halijashuka.

Mchana mambo yalikuwa shwari. Fundi aliweka draiva, ile programu inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa, kama alivyojifunza kwenye darasa la jioni, ambako wenzake humwita Bibi kwa utani, kwa kuwa amewazidi umri. Picha ikaja safi. Kisha wakasali, na sasa ni miraba mitupu. Alizima, akawasha. Alichomoa kadi, akaifuta kwa pindo la gauni, akairudisha. Kompyuta ikashikilia kwamba kifaa hicho haikijui.

"Labda draiva amepitiwa na usingizi," Mama alitania.

Fundi alicheka. Ee Mola, alinong'ona, siombi muujiza, nionyeshe tu nilipokosea. Ndipo ilipomjia ile sala ya jioni. Kila wakati wa sala Mama hupita akipapasa, akichomoa pasi, redio, kila kitu, kwani aliamini kinachofanya kazi nacho kina haki ya kupumzika mbele za Mungu.

"Mama, na hiki ulikipumzisha?"

"Ningekibagua kwa nini? Nikakirudisha mwenyewe. Tundu la chini sikuliona, nikakipa la juu."

Mwalimu alikwisha kuwaeleza: kuna kompyuta zinazokumbuka kifaa kwa tundu lake. Ukikihamisha, hukiona mgeni na kukipa draiva isiyo yake. Fundi alikichomoa taratibu, akakirudisha chini.

Sauti ilitangulia. Kisha miraba ikaanza kutafutana, kama vipande vya nguo vinavyoujua mshono wao, na katikati yake ukatokea uso.

Mama aliusogelea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo. Fundi akaufuta kwa kiganja.

"Amenenepa," Mama alisema polepole.

Wimbo ulipokwisha alitaka washukuru. Mkono wake ulielekea kwenye waya, kama ilivyo ada, ukasita hewani, kisha ukarudi mapajani. Wakasali hivyo hivyo, kompyuta ikiwaka.