Chai Katika Kila Kiti

Mgeni wetu aliweka mkoba chini, akatutazama sisi wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la jioni, akauliza, "Nani kati yenu ameshakalia viti vyote vya nyumbani kwake?"

Tukacheka. Tulidhani ataanza na rangi na mapazia. Huyu ndiye mbunifu wa mapambo ya ndani ya nyumba ambaye wenye mahoteli humsubiri kwa miezi, na mwalimu wetu wa ushonaji alimbembeleza mwaka mzima aje. Mimi nilikuwa nimechonga penseli mbili.

Ila nusu ya akili yangu ilikuwa imebaki nyumbani. Asubuhi ile mama mkwe alikuwa ametangaza kwamba Jumapili anahamia kwa binti yake. Yeye ndiye anayekaa na mwanangu, tunayemwita Kiroboto kwa kurukaruka kwake, Jumanne na Ijumaa ninapokuja kusoma. Akiondoka, darasa limekwisha. Na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba nampenda, na sikujua nimemkosea nini. Nilimuuliza, akanijibu, "Hakuna neno, mwanangu. Nimechoka tu." Mtu aliyechoka hulala, hakunji nguo na kuzitia begini.

Mbunifu alikuwa anasimulia. Zamani alipamba sebule ya daktari mmoja, sebule ya kupigwa picha. Baada ya miezi miwili akapita kusalimia, akaikuta familia nzima imebanana jikoni. Akamuuliza mtoto wao kulikoni. Mtoto akasema, "Kule sebuleni hatuonani."

"Tangu siku hiyo," akasema, "sitoi tepu ya kupimia kabla sijaomba chai. Kila kiti nakikalia mpaka kikombe kiishe, natazama anachokiona mwenye kiti. Ziko nyumba nimetoka natafuta choo mbio."

Nikanyoosha mkono. "Na sisi tusio na sebule ya daktari? Mimi nina viti vitatu tu."

"Basi umepunguziwa chai."

Jumamosi baba Kiroboto alikuwa kazini, na mama mkwe alikwenda dukani kununua sabuni, mjukuu kamshika kidole. Nikachemsha chai birika zima. Nilijiona kama punguani, lakini udadisi ukishaniingia hautoki.

Nikaanza na kiti cha mume wangu. Unaona mlango, dirisha, na kipande cha barabara. Si ajabu haondoki pale. Kiti changu kinatazama jikoni. Unaona sufuria na anayeipakua. Kisha nikaenda kwenye kochi la mama.

Kochi hilo ndilo zuri kuliko vyote. Alipohamia kwetu nililinunua, nikalishonea vitambaa kwa mkono wangu, nikaliweka kwenye pembe tulivu kuliko zote, mbali na upepo na fujo za mtoto, nyuma ya kabati langu la vyombo. Niliona nimempa heshima yake. Sikuwahi kulikalia, ni kiti cha mama.

Nikakaa. Mbele yangu palikuwa na ubavu wa kabati. Mbao tupu isiyopakwa rangi, na namba ambayo fundi aliiandika kwa chaki: kumi na saba. Mlango huuoni. Jikoni unakusikia, hukuoni. Mwanga wa dirisha unaishia kwenye vikombe vyangu vya maua. Nikakumbuka jinsi anavyouliza kila mara mlango unapolia, "Nani huyo?" nasi tunacheka, tunamwita polisi wetu. Chai ikapoa mkononi mwangu.

Walinikuta hapohapo.

"Kumbe," akasema mama mkwe. "Hata sijaondoka mmeanza kurithi?"

"Mama, hapa huoni kitu."

"Naona. Kumi na saba. Nimeisoma hiyo mpaka naiota."

"Mbona hukusema?"

Akaiweka sabuni mezani taratibu. "Nianzie wapi? Umeninunulia kochi, umelishonea na vitambaa. Mtu aliyewekwa pa heshima anaombaje kuondolewa? Nikasema bora niende nikakae kwa binti yangu kwenye mkeka, lakini niwaone watu."

Nikaanza kutoa vikombe kabatini. Akanitazama kidogo, kisha naye akapokea. Tukalisukuma kabati hadi chumbani, linalia kama ng'ombe, Kiroboto akishangilia mbele yetu na kutuzuia njia. Limeziba nusu ya mlango wa chumba. Baba Kiroboto sasa huingia ubavu, na analalamika. Kochi tukaliweka kati ya dirisha na jikoni. Mama akaketi, akageuza shingo kushoto, kulia, kama mtu anayejaribu kiatu. Nikaenda kukata vitunguu.

"Mama Kiroboto," akaniita baada ya dakika moja. "Hivyo ni vitunguu au unapasua kuni?"

Sikumbuki tusi jingine lililoniingia vizuri hivyo.

Jumapili aliondoka hata hivyo, maana ahadi kwa binti yake alishaitoa. Alibeba begi lake. Lakini lilikuwa jepesi, na ndara zake zilibaki chini ya kochi. Mlangoni akageuka.

"Na kile kistuli cha mtoto, umekikalia?"

Sikuwa nimekikalia. Wala sikuwa nimekihesabu.

"Msomi wetu," akasema. "Haya, kikalie. Jumanne nikirudi utanieleza, kabla hujaenda darasani."

Alipopotelea kwenye kona nilikivuta kistuli, nikachuchumaa juu yake, magoti karibu na masikio. Kiroboto akaja kusimama kando yangu, akainama, akatazama ninakotazama. Chini ya meza yetu kuna ubani uliokwisha kutafunwa, vipande sita, vimebandikwa kwa mstari ulionyooka. Mwanangu hana meno ya kutafuna ubani.

Namsubiri baba yake arudi, nimuulize.