Gia ya Tatu

Kazi yangu ni kuwavunja watu moyo. Mtu ananiletea gari lake kuukuu, amelisugua mpaka linang'aa, ananitajia bei aliyoiota usingizini, nami nalizunguka na sumaku yangu mkononi kisha namwambia litauzika kwa kiasi gani hasa. Sumaku inakamata bati. Palipobonyea pakazibwa kwa puti na kupigwa rangi, haikamati. Nimeshaitwa mchawi na wateja wengi, na mara moja na mama yangu mzazi, siku niliyothamini gari lake.

Kwa hiyo Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliponipigia simu nije nithamini gari lake la michezo, ilibidi nikae kwanza. Lile halikuwa gari, lilikuwa kifungua mimba wake. Jekundu, viti viwili tu, limelala chini kiasi kwamba ukiingia unahisi umekaa barabarani. Alilinunua alipostaafu ukaguzi wa hesabu, baada ya maisha mazima ya kuvaa soksi za kijivu, na ukoo mzima ulishika kichwa.

Aliyelisema zaidi ni mkewe, Mama Mkubwa. Yeye hakuwahi kuliita gari. Aliliita kopo. "Kopo lako limevuja mafuta sakafuni." "Nenda kalioshe kopo lako." Mwenyewe ana kigari cheupe cha kwendea sokoni, anakiendesha amekumbatia usukani, polepole, mpaka watoto wa baiskeli wanampita wakimpungia mkono.

"Magoti yamegoma, mwanangu," Baba Mkubwa aliniambia kwenye simu. "Kuingia naingia. Kutoka ndiyo shughuli. Mara ya mwisho nimetolewa na mlinzi na muuza maziwa, kila mmoja kashika mkono wake. Sasa kuna daktari wa meno analitaka, anakuja Jumamosi. Nipe bei ya haki, siyo ya undugu."

Jumamosi asubuhi nilifika. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, miguu yake iko juu ya stuli, macho yako kwenye mlango wa gereji. Alikuwa na huzuni na hakujisumbua kuificha. Nikaenda gereji, na Mama Mkubwa akanifuata na kikombe cha chai ambacho sikuwa nimekiomba.

"Mwanangu," alininong'oneza, "taja bei ya chini."

"Chini kiasi gani?"

"Ya aibu. Ya kumtia hasira."

Damu ilinichemka. Nilidhani baada ya kumsimanga mzee miaka yote hiyo, sasa anataka kumkata maini kabisa. Nikamwambia mimi sipangiwi bei na mtu, hata awe mama yangu mkubwa, na kama ni chai anaweza kuirudisha jikoni. Hakuirudisha. Alibaki pale pale amekishika kile kikombe kwa mikono miwili.

Nikaanza kazi. Sumaku ilikamata kila mahali. Injini safi, mafuta safi. Nilipochuchumaa kwenye tairi za mbele ndipo niliposita kidogo: kingo za nje zilikuwa zimelika, kama za gari la mtu anayekata kona bila huruma. Baba Mkubwa alikuwa na miezi hajaligusa, na hata alipokuwa mzima alikata kona kama aliyebeba mayai.

Nikafungua mlango, nikaketi. Magoti yakagonga usukani.

Baba Mkubwa ni mrefu, anaingia milangoni kwa kuinama. Kiti kile kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho. Kioo cha kati kilikuwa kimeinamishwa. Na nyuma ya kiti palikuwa na mto wa maua, ndugu kabisa wa ile iliyoko kwenye makochi ya sebuleni.

Nilimtazama Mama Mkubwa. Alikuwa anachunguza mabati ya paa.

"Mama Mkubwa, nani anaendesha gari hili?"

"Babako mkubwa. Nani mwingine?"

"Kwani amefupika?"

Alijikaza, akashindwa. Kicheko kilimtoka, akakiziba kwa kiganja kama msichana aliyefumaniwa na barua. Kisha akamwaga kila kitu. Siku ambazo rafiki wa mumewe anampeleka kliniki kunyoosha magoti, yeye hubaki peke yake. Kwanza alitaka tu kuwasha injini, betri isife. Kisha akalitoa nje ya geti, lipumue. Kisha akafika mwisho wa mtaa. Sasa anafika barabara mpya ya nje ya mji, ile isiyo na matuta.

"Basi mwambie!"

"Nimwambie nini? Kwamba kopo ni tamu? Atanicheka mpaka tuzikwe." Kisha sauti ikambadilika. "Nikiwa mle ndani, mwanangu, sina kisukari, sina mtu wa kumpikia, sina umri. Ukimpa bei nzuri ataliuza leo. Wakilichukua nitalia, na sitaweza hata kumwambia nalia nini."

Nilimhurumia. Lakini bei ni bei. Nikaliwasha nikalizungusha mtaani, maana bado nilikuwa sijajaribu gia. Gia ya tatu ya gari lile ilikuwa korofi, na Baba Mkubwa alijisifu kwenye kila harusi na kila msiba kwamba hakuna mwingine chini ya jua anayeweza kuiingiza bila kuliliza gari. Mimi nilililiza. Lilipiga ukelele kwenye kona, na kutoka barazani nikamsikia: "Unaliua! Unaliua!"

Niliporudi nikamtajia bei ya haki. Ilikuwa nzuri. Alisema, "Ahsante," kwa sauti ya mtu aliyesomewa hukumu. Mama Mkubwa alinitazama kama nimemuuza yeye.

Daktari wa meno alifika mchana, nadhifu, suruali nyeupe yenye mstari wa pasi. Alitaka kwanza akae kiti cha pembeni, alisikilize gari likiendeshwa na mtu anayelijua. Baba Mkubwa akayatazama magoti yake, akaninyooshea mimi funguo.

Hapo shetani akanipitia.

"Mthamini haruhusiwi kumwendesha mnunuzi," nilisema. Sheria hiyo niliitunga pale pale. "Mama Mkubwa yupo."

Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Huyu? Watarudi kesho kutwa!"

Mama Mkubwa alinikazia macho, akanielewa. Akazipokea funguo. "Nitajaribu," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, kisha akavua ndara zake, akaziacha ngazini.

Walitoka getini taratibu kabisa. Daktari alitupungia mkono. Tukasikia gia ya kwanza, kisha ya pili, kisha injini ikapandisha sauti kuelekea kona. Baba Mkubwa akafumba macho na kukunja uso, akisubiri ukelele.

Haukuja. Gia ya tatu iliingia kama kijiko kwenye uji. Kisha gari likanguruma, likaenda zake, na mbali kule tairi zikalia.

Alifumbua macho. "Ile ni gia ya tatu."

"Nimeisikia."

"Sijamfundisha mtu."

"Najua."

Hasira ilipita usoni mwake, ikatafuta pa kukaa, ikakosa. "Tangu lini?"

"Tangu magoti yako."

"Lile kopo?"

"Lile lile."

Waliporudi, daktari wa meno alishuka mwenyewe, lakini alibaki ameshikilia mlango. "Gari zuri," alisema. "Zuri mno. Mimi nina watoto wadogo." Akaliendea gari lake, akaondoka bila kuuliza bei.

Mama Mkubwa hakushuka. Alikaa mikono juu ya usukani, injini inaunguruma, ameinamisha kichwa. Baba Mkubwa akajiinua kwa fimbo, akashuka ngazi moja moja mpaka kwenye dirisha la dereva. Niliogopa. Utundu wangu wote uliniishia.

"Umekanyaga klachi mara mbili," alisema.

"Mara mbili. Halafu nangoja kidogo."

"Nani kakwambia?"

"Wewe." Hakuinua uso. "Kila ukirudi, ukifika ile kona, nakusikia nikiwa jikoni. Klachi, klachi, kimya kidogo, tatu. Ndipo naweka chai motoni. Ulidhani chai inakuwaje tayari kila siku?"

Baba Mkubwa aliegemea fimbo yake. Macho yalimlowa, akajifanya anakagua rangi ya boneti. Kisha akalizunguka gari mpaka upande wa pili, upande ambao hakuwahi kuukalia, akaniita mimi na mlinzi tumsaidie. Tulimteremsha kidogo kidogo, akiguna, mpaka akakaa.

"Na kutoka itakuwaje?" nilimuuliza.

"Nani kakwambia natoka?"

"Funga mkanda," Mama Mkubwa alimwamuru.

Wakaondoka. Nilisimama getini mpaka nikaisikia gia ya tatu ikiingia pale konani, kisha nikaenda jikoni kuweka chai motoni.