Mate ya Lesikar

Soila wa Lemara alikuwa mwanamke asiyeamini kitu mpaka akigeuze na kukitazama upande wa pili. Ukimpa kibuyu cha maziwa, atakinusa kwanza. Ukimwambia mvua imenyesha Akheri, atataka kujua wewe ulikwenda Akheri kufanya nini. Kwa hiyo siku walipomletea habari kwamba mumewe, Lesikar, amefungwa bomani kwa kosa la kumtemea mate askari wa Kaiza wa Wajerumani, na kwamba mkono wake umevunjika, hakujigaragaza chini kama walivyotarajia majirani waliokuja mahususi kumwona akijigaragaza. Aliuliza swali moja tu.

"Nani alicheka?"

Majirani wakatazamana. Walidhani uchungu umemwingia kichwani.

"Askari gani aliyempiga?" akauliza tena.

"Jamaldini."

"Basi kuna mtu alicheka. Jamaldini namfahamu. Hawezi kumvunja mzee mkono hivi hivi."

Alikuwa amepatia, na jambo hilo liliwaudhi majirani kidogo. Habari yenyewe, kama ilivyosimuliwa, ilikuwa hivi. Wanaume wa Lemara walikuwa kwenye kazi ya barabara, pale kivuko cha mto Themi, wakibeba mawe kwa ajili ya serikali, nayo serikali ile ilikuwa na mapenzi makubwa sana na mawe. Jua lilipozidi, Jamaldini, askari msimamizi, mtu wa Pangani, akawaruhusu wapumzike. Lesikar, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote pale, akaenda kumshukuru kwa desturi ya Waarusha: akatema mate kidogo kiganjani, akampa mkono. Mkubwa akikutemea mate hivyo, amekubariki. Amekupa kitu kilichotoka ndani ya mwili wake.

Kwa bahati mbaya siku hiyo walikuwapo askari wawili wageni, waliofika juzi kutoka Tanga, viatu vyao bado vinalia. Mmoja akaangua kicheko. "Ndugu yangu, umeloweshwa!" Jamaldini akatazama kiganja chake, akawatazama wenzake, kisha akageuza bunduki na kumpiga Lesikar kwa kitako chake. Mfupa ulilia hadi waliokuwa ng'ambo ya mto wakaacha mawe yao.

Hayo yote yangeweza kwisha kama yalivyokuwa yakiisha siku zote, yaani kwa watu wa Lemara kunyamaza. Lakini boma lilikuwa limepata Bwana Mkubwa mpya, kijana mwenye masharubu ambayo bado yalikuwa yakijifunza kazi, na huyu akatangaza kwamba siku ya soko ataisikiliza kesi hadharani, mbele ya lango, na kila mwanamume atakuwa huru kusema.

Hapo ndipo watu walipoogopa kweli.

"Huru kusema?" alisema mzee mmoja jioni ile penye zizi la akina Lesikar. "Wanataka kuona nani ana mdomo, wamfunge na huyo."

"Mimi nasema askari kazi yake ni kupiga," akasema mwingine. "Ukimnyang'anya kiboko atafanya nini, atacheza ngoma?"

"Apige anayekimbia. Lesikar alikimbia?"

"Alikuwa anamwendea."

"Kumbe kosa ni kumwendea?"

"Ukimwendea wewe ni mkorofi. Usipomwendea wewe ni mkaidi. Ukisimama ulipo, wewe ni mvivu."

Efraimu, mwalimu wa misheni aliyekuwa amepita kuwasalimu, akakohoa kwa heshima. "Sheria yao wenyewe inasema askari akizidisha nguvu, lazima aulizwe."

"Aulizwe na nani?"

"Na mkubwa wake."

"Na mkubwa wake anaulizwa na nani?"

Efraimu akaomba maji ya kunywa.

Soila alikuwa akikamua ng'ombe karibu nao, akisikiliza kila neno na kutoamini hata moja. Alichokijua ni kwamba kesi nzima ilisimama juu ya mguu mmoja. Jamaldini alikuwa amemwambia Bwana Mkubwa kwamba yeye ni mtu wa pwani, hajui desturi za huku, na mtu akimtemea mate anajua ametukanwa. Ikiwa ni kweli hakujua, basi Lesikar ndiye mwenye kosa la kuivunjia heshima nguo ya Kaiza, na kosa hilo malipo yake ni hamsa ishirini: viboko ishirini na vitano vya ngozi ya kiboko, vikihesabiwa kwa sauti. Lesikar alikuwa mtu wa kifua kibovu, na sasa mkono umevunjika. Vijana wenye misuli walipewa hamsa ishirini wakabebwa na wenzao kurudi nyumbani. Lesikar angebebwa pia, ila si kupelekwa nyumbani.

Na ilikuwa uongo. Soila alipeleka maziwa kwenye nyumba za askari kila asubuhi. Kwa macho yake alimwona Jamaldini, tangu mtoto wake wa tatu alipougua na kupona, akiwavizia bibi wauza maziwa kwenye njia kama mvuvi aviziavyo samaki. Bibi akipita, Jamaldini anavua tarbushi, anainamisha kichwa, anatemewa, na kuitikia "Naai", ndiyo amina ya Kimaa, kama mtu aliyezaliwa kwenye boma la ng'ombe. Wauza maziwa wote walilijua hilo. Lakini wauza maziwa walikuwa wanawake, na mbele ya shauri wanawake hawasemi. Isitoshe, walikuwa wanawauzia askari maziwa.

Asubuhi iliyofuata akaenda kwa Lerionka, jumbe wao, ambaye ndiye angekuwa mkalimani siku ya kesi. Lerionka alikuwa amejifunza Kiswahili bomani, na tangu hapo akawa anadai shikamoo kwa kila mtu, isipokuwa mbuzi, nao kwa kuwa hakujaliwa kuwafundisha.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, shemeji. Usiwe na wasiwasi. Bwana Mkubwa huyu ni mtu mzuri."

"Ulimjua lini?"

"Ninakula naye."

"Unakula naye, au unakula baada yake?"

Lerionka akaweka sawa kanzu yake. "Shemeji, ulimi huo ndio utakaomponza mumeo."

"Mwambie Bwana kwamba Jamaldini anatemewa mate kila siku."

"Nani atathibitisha? Wewe, mke wa mshtakiwa? Nenda nyumbani. Nitatafsiri vizuri."

Soila alirudi nyumbani akiwa na hakika moja: mtu anayeahidi kutafsiri vizuri ameshapanga namna ya kutafsiri vibaya.

Ndipo akamwendea mama mkwe wake, Resiato, aliyekuwa mzee kiasi kwamba hata wazee walimwita Yeyo, yaani mama. Akamweleza. Wanawake hawasemi mbele ya shauri, kweli. Lakini kubariki si kusema. Aende, asimame mbele ya Jamaldini, ateme. Basi.

Resiato akachukua kijiti, akachokoa moto. Soila akaanza kumshuku. Labda bibi ameogopa. Labda Lerionka amekwishapita hapa na kipande cha tumbaku.

"Unataka nimtegee mtu mtego kwa mate yangu," Resiato akasema mwishowe.

"Nataka mwanao arudi nyumbani, Yeyo."

"Hata mimi. Lakini sijui kubariki kwa uongo. Nikimtemea yule, nimembariki kweli. Watoto wake wataishi, ng'ombe wake watazaa, na atazeeka. Yule aliyemvunja mwanangu mkono. Umelifikiria hilo?"

Soila hakuwa amelifikiria. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kwamba kitu kilikuwa na upande wa pili naye hakuugeuza.

"Wewe unaonaje, Yeyo?"

"Naona una kelele," akasema Resiato. "Nitafutie fimbo yangu."

Siku ya soko, mbele ya lango la boma, watu walijaa hadi wauza ndizi wakafunga biashara kwa kukosa wanunuzi. Bwana Mkubwa alikaa kwenye kiti chini ya bendera. Lesikar aliletwa akiwa amekumbatia mkono wake kama mtoto mchanga. Kando kidogo, askari mmoja alikuwa akiulainisha mjeledi kwa mafuta, taratibu, kwa utulivu wa mtu ambaye kesi imekwisha kwa upande wake.

Jamaldini akasimama wima, vifungo vinang'aa. "Bwana, mimi mtu wa pwani. Kwetu ukimtemea mtu mate umemtukana yeye na mama yake."

"Desturi ya hapa huijui?" Bwana Mkubwa akauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama reli.

"Wallahi, siijui."

Wazee wakasema, mmoja baada ya mwingine. Mzee alisema maneno mengi, Lerionka akatafsiri maneno machache. Mzee wa pili alisema machache, Lerionka akatafsiri kikohozi. Efraimu alisema mwenyewe kwa Kiswahili, kwamba hata askari asiyejua angeweza kuuliza kabla ya kupiga, na watu wakanguruma kumuunga mkono. Lakini Bwana Mkubwa akatikisa kichwa. Askari hakujua, akasema. Asiyejua hana kosa. Akageuka kumtazama yule mwenye mjeledi.

Resiato akainuka kati ya watu, akaanza kutembea.

"Bibi! Bibi!" Lerionka akamkimbilia. "Wanawake hawasemi hapa."

"Nimesema nini?"

"Unakwenda wapi?"

"Kubariki. Au siku hizi Jumbe anakataza baraka?"

Lerionka akafungua mdomo. Katika nchi ile hapakuwahi kutokea mtu aliyemzuia bibi kizee kubariki, na wazee wote walikuwa wakimtazama yeye, waone kama ndiye atakayeanza. Mke wake wa tatu alikuwa mja mzito. Akafunga mdomo, akapisha.

Soila alikuwa nyuma, miongoni mwa wanawake, ameng'ata kidole. Sasa alishuku kila kitu: kwamba bibi atajikwaa, kwamba mdomo utakauka, kwamba Jamaldini ameshaonywa, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaponza wote.

Resiato akafika, akasimama mbele ya Jamaldini. Akavuta pumzi, midomo ikajikusanya.

Na mkono wa Jamaldini ukapanda wenyewe. Ukavua tarbushi. Shingo ikainama, taratibu, kwa adabu, kama ilivyoinama asubuhi zote. Mate yakamwangukia utosini kama manyunyu.

"Mungu akupe watoto," Resiato akasema kwa Kimaa.

"Naai," akaitikia Jamaldini.

"Wakuzike wao, usiwazike wewe."

"Naai." Hii ya pili aliisema kwa sauti zaidi, maana ndiyo aliyoipenda.

Watu hawakucheka, hata yule askari wa Tanga alikuwa ameshika mdomo. Jamaldini akabaki ameinamisha kichwa, si kwa ajili ya baraka tena, bali kwa kuwa hakujua akiuinua uso wake autazamishe wapi. Soila alimtazama Resiato. Machozi yalikuwa yakimtiririka bibi yule, na kiganja chake kilikuwa juu ya kichwa cha mtu aliyemvunja mwanawe mkono.

"Amefanya nini?" Bwana Mkubwa akamwuliza Lerionka.

Lerionka akatazama huku na huku. Hapakuwa na njia ya kulifupisha hili. "Amembariki, Bwana."

"Na hilo neno alilosema askari?"

"Ndilo jibu lake."

"Nani alimfundisha?"

Wauza maziwa wakatazama vibuyu vyao.

Bwana Mkubwa akasimama, masikio mekundu. "Mzee aachiwe."

Watu wakapiga kelele, lakini Efraimu akasogea mbele. "Na mkono, Bwana? Nani atajibu kuhusu mkono?"

"Askari nitamwuliza mimi," akasema Bwana Mkubwa. "Ndani."

Akaingia. Jamaldini akamfuata, tarbushi mkononi. Lango likafungwa, na alichoulizwa huko ndani, na alichojibu, na kama aliulizwa kabisa, hakuna wa Lemara aliyekijua. Jamaldini hakuonekana tena kivukoni. Wengine walisema amechapwa. Wengine wakasema amehamishiwa Moshi, anasimamia mawe ya huko. Mzee wa penye zizi alisema amepandishwa cheo, na ndiye aliyeaminiwa na wengi.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Mchana ule walirudi Lemara kwa miguu, Resiato mbele na fimbo yake, Lesikar katikati, mkono umefungwa kwa kipande cha ngozi, na Soila kando yake akimbebea shuka. Alikuwa akifurahi, na furaha ilikuwa ikimwasha kama nguo mpya.

"Baba Simaloi," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Ee."

"Yale mate ya kivukoni. Yalikuwa kidogo?"

Lesikar akatembea hatua kadhaa. "Siku ile jua lilikuwa kali."

"Sikuuliza jua."

"Mdomo ulikuwa umekauka."

"Basi yalikuwa kidogo?"

"Nimekwambia ulikuwa umekauka."

"Uliyatema kiganjani kwako, au kwake?"

"Mwanamke!" Resiato akasema bila kugeuka. "Mwache mwanangu apumzike."

Kwa adabu Soila akapunguza mwendo kidogo, akamwacha mumewe atangulie, apate kumwona vizuri.