Baiskeli Isiyo na Keria

Mke wangu Pelagia hakuwa na baiskeli. Hakuwa na suruali, wala viatu vya kamba. Hakuwa na magoti ya kujivunia, kwa sababu goti la kushoto lilimsumbua kila mvua ilipokaribia. Hakuwa amewahi kuendesha baiskeli hata hatua kumi tangu azaliwe, na alikuwa na miaka sitini na moja. Hakuwa na ruhusa yangu pia, lakini hiyo hatuwezi kuihesabu sana, kwa sababu hakuiomba.

Mimi nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha baiskeli hapa Kasulu. Mwenyekiti alikuwa Deborah, nesi kijana ambaye baba yake nilimfahamu. Wanachama wengine walikuwa walimu, mafundi na vijana wawili wa bodaboda waliochoka kukaa juu ya injini. Nilipewa ukatibu kwa sababu mbili. Kwanza, mwandiko wangu ni mzuri. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, katika darasa la jioni, na mtu aliyepata herufi kwa jasho haziandiki ovyo. Pili, njia ya zamani ya Kasulu hadi Kibondo ninaijua kuliko wote. Niliipita miaka kumi na minne nikisafirisha maharage kwa baiskeli.

Mwaka jana wenzetu wa Kibondo walitualika. Tulipanga safari ya siku mbili, tukiacha lami na kufuata njia za vijijini. Katibu wao, bwana mmoja aitwaye Saady, alitaka barua yenye mhuri. Ndani yake tuorodheshe majina yetu na aina ya baiskeli ya kila mmoja, ili atutafutie malazi na kuwapa taarifa wenyeviti wa vijiji. Barua ilitakiwa kuondoka na basi la Jumatatu asubuhi, baada ya wiki tano hivi.

Nilikuwa nimeandika majina kumi na moja. Langu lilikuwa la kwanza, na mbele yake nimeandika: kiongozi wa msafara.

"Niandike na mimi," Pelagia alisema huku akichambua mchele.

"Wewe utapanda basi, Mama Jeanne. Utatangulia kwa dada yako Maximilla, mtupokee na chai."

"Chai hiyo Maximilla anajua kuipika peke yake."

"Kwani unatafuta nini huko njiani?"

Akaweka ungo chini. "Baba Jeanne, uliponioa ulinitoa kwetu Kibondo nimekaa kwenye keria yako. Siku mbili nimeshika shati lako. Watu wananiuliza, njia ya kwenu ikoje? Nawaambia ni ya kaki, ina kiraka begani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nimeona mgongo wako miaka arobaini," alisema. "Ni mgongo mzuri, simlaumu aliyeuumba. Sasa nataka kuona barabara."

Nikamwambia, kwa kumkatisha tamaa, kwamba kila mwanachama ni lazima apande mlima wa Heru Juu bila kupakiwa kwenye gari lolote. Zoezi lilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya barua kuondoka, wiki tano mbele. Akipanda, nitamwandika.

"Ego," akajibu kwa Kiha, yaani ndiyo, na akarudi kwenye mchele wake.

Sikutaka watu waseme kwamba nilimnyima chombo, kwa hiyo nilimtafutia mwenyewe. Nilimletea baiskeli nyeusi, ndefu, pacha wa ile yangu. Niliichagua kama tulivyokuwa tukichagua zamani: nilishika keria kwa mikono miwili nikaitikisa, kisha nikaikalia. Keria haikulia. Ilikuwa baiskeli ya kubeba gunia zima na mtu juu yake.

Pelagia alivuta kitenge, akarusha mguu, bomba la juu likamkamata katikati ya safari. Wote wawili, yeye na baiskeli, wakalala kwenye matuta ya viazi.

"Hii umeninunulia mimi au maharage?" aliuliza akiwa chini.

Tukaenda kwa Badru, fundi baiskeli wa karibu na soko. Badru hakuigusa keria. Alimsimamisha Pelagia kando ya baiskeli ile nyeusi.

"Mama, weka kwapa juu ya siti. Nyoosha mkono chini, uguse pale pedeli zinapoungana."

Vidole vya Pelagia viliishia mbali kabisa.

"Unaona, mzee? Huyu umempandisha ghorofani bila ngazi." Akaingia ndani akatoka na baiskeli ya gia ya mtumba, fupi, bomba lake limeshuka, matairi manene yenye meno. "Jaribu hii."

Vidole viligusa sawasawa.

Niliizunguka. Nyuma ya siti palikuwa peupe.

"Haina keria," nilisema.

"Haina."

"Sasa itabeba nini?"

"Itambeba mama," Badru alisema.

Niliondoka pale nikiwa nimenuna. Baiskeli isiyo na keria niliiona kama nyumba isiyo na jiko. Lakini wao wawili walikuwa wameshaelewana, na Badru akamwachia aichukue kwa majaribio.

Deborah alimfundisha uwanjani kila alipotoka zamu ya asubuhi. Mimi nilikaa kwenye jiwe na daftari langu, nikijifanya nasahihisha kanuni za msafara. Nilimsikia nesi akirudia neno moja siku zote: "Gia nyepesi kabla ya mlima, mama, siyo katikati ya mlima! Ukichelewa cheni itagoma." Pelagia alianguka mara saba. Nilihesabu. Mara ya nane nilipoinua macho alikuwa amefika mwisho wa uwanja, hajui jinsi ya kugeuza, anapiga vigelegele.

Jumamosi ya Heru Juu ilifika. Kabla ya kuanza niliwasomea kanuni, nikakazia ya sita, ambayo niliitoa kwetu sisi wabeba maharage: atakayefika juu aegeshe baiskeli yake na arudi kwa miguu kumsukuma wa mwisho. Zamani, ukiachwa peke yako na mzigo kwenye mwinuko, mzigo unakurudisha hadi mtoni.

Nilitangulia, kama kiongozi. Kona ya kwanza niliimaliza vizuri. Ya pili niliimaliza nimesimama juu ya pedeli. Katika kona ya tatu ile baiskeli yangu, niliyokuwa nikiisifu kila jioni, iligeuka mlango wa chuma. Nikashuka. Vijana wakanipita, kila mmoja na heshima yake: "Pole mzee." "Tupo pamoja, mzee." Kisha nikasikia pumzi ya mtu na mlio mdogo wa cheni. Pelagia alikuja taratibu, miguu ikizunguka haraka kama anayekanyaga cherehani, suruali ya michezo ya Deborah imekunjwa mara tatu chini. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia barabara.

Nikabaki peke yangu kwenye kona. Nilisukuma hatua ishirini, nikapumzika. Nilisukuma kumi, nikapumzika. Niliwaona wote juu, wamesimama kwa mstari na wananitazama. Hakuna aliyeshuka. Nilielewa. Nani angethubutu kumsukuma mzee, tena kiongozi, tena mwandishi wa kanuni? Waliona ni kunivunjia heshima. Nami niliwaachia waamini hivyo, ingawa nilihitaji kusukumwa.

Mtu mmoja akalaza baiskeli yake kwenye majani akaanza kuteremka, akichechemea kidogo mguu wa kushoto.

"Rudi, Mama Jeanne," nilimwambia alipokaribia. "Napumzika tu."

"Kanuni ya sita, katibu."

"Kanuni ile ni ya wenye mizigo."

"Basi nimekuja kusukuma mzigo." Akapita nyuma yangu, nikahisi baiskeli imekuwa nyepesi. "Na keria yako ni nzuri kweli. Ina pa kushikia."

Tulipanda hivyo, mimi usukani, yeye keria. Tulifika juu wote wawili tunahema. Vijana walipiga makofi, na Deborah akageuka upande kuficha kicheko, lakini mabega yake niliyaona yakitikisika.

Jumapili baada ya misa nilipita kwa Badru nyumbani kwake. Niliweka kwapa juu ya siti ya baiskeli moja ya gia iliyoegemea ukuta, nikanyoosha mkono. Badru, kwa adabu, akaishika baiskeli isiyumbe.

Mchana ule nilichana barua ya kwanza na kuandika nyingine. Nilimweka Deborah kiongozi, nikamchorea ramani ya njia kwa rula. Majina yakafika kumi na mawili. La kumi na moja niliandika: Pelagia, baiskeli ya gia, fremu ndogo. La kumi na mbili lilikuwa langu: Ndayisaba, mlinda mkia, baiskeli ya gia, bado anajifunza.

Pelagia aliisoma yote, kidole chini ya kila mstari, kama alivyofundishwa na mimi. Alipofika mwisho akarudia mistari miwili ile kwa sauti.

"Kwa hiyo utakuwa nyuma yangu," alisema.

"Siku mbili."

"Usije ukalalamika kwamba huoni njia."

Jumatatu mapema nilipata mhuri ofisi ya kata, nikaikunja barua mara tatu, nikalamba bahasha na kuibonyeza kwa kiganja hadi ikashika. Juu yake niliandika jina la Saady, Kibondo, kwa herufi kubwa. Kondakta wa basi aliichomeka juu ya kioo cha mbele, na basi likaondoka nayo.